Kohoa Hata Mara Moja

Shuleni, Migori
26 Januari 1997

Mjane wangu Irine,

Salamu nyingi, tele kama dagaa wa omena kwenye magunia ya Mama Liz, ambaye ndiye anayekuletea barua hii. Hali yako? Mimi ni mzima kabisa, isipokuwa nimekufa, kama kawaida.

Dhumuni la barua hii ni kukuuliza: uko wapi, wewe msichana? Shule ilifunguliwa mapema mwezi huu. Kitanda chako kiko uchi karibu na changu, na matron ameshataka kumpa mtu mwingine. Nimemwambia asithubutu, mwenyewe yuko njiani.

Kwenye drama hali ni mbaya zaidi. Mwalimu Omwenga anasema mchezo wetu wa mwaka jana ulitolewa jikoni kabla haujaiva, kwa hivyo tunaurudia, na safari hii anataka tufike mkoa, Kisumu. Mimi bado ndiye marehemu mume. Hiyo ndiyo adhabu ya kuwa mrefu katika shule ya wasichana: kila mwanamume ni mimi, hata akifa. Mkuria mzima kutoka Kehancha nimelazwa mezani, nimefunikwa shuka, na mjane wangu haji. Wamemweka Caren wa Form Two akushikie nafasi kwa muda tu. Irine, huyo mtoto analia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye mvua. Akifika pale pa "Nani sasa atakohoa nje ya mlango, nijue nyumba ina mwenyewe? Kohoa hata mara moja!" yeye anaangalia darini utadhani anatafuta popo.

Unakumbuka wewe ulivyosema maneno hayo muhula uliopita, chozi lako likaniingia sikioni, nami maiti nikakohoa kweli? Ukumbi mzima ulicheka hadi Mwalimu Omwenga akarusha chaki. Lakini kabla ya kurusha alikuwa ameshapangusa macho. Nilimwona kupitia shuka.

Habari nyingine: densi yetu na wavulana wa kule Ndhiwa imesogezwa muhula wa pili. Mwalimu mkuu anasema akili zetu zitulie kwanza. Mimi nashukuru, maana miaka yote nimecheza upande wa kiume na wenzangu bwenini, sasa nikishikwa na mvulana wa kweli tutasukumana kama mafahali. Wewe ndiye utanifundisha.

Usijibu kwa posta. Unajua naibu wa mwalimu mkuu hufungua kila barua, na zile tamu huzisoma mbele ya gwaride. Mpe Mama Liz. Huwa ninamwona sokoni Jumapili tukitoka kanisani.

Njoo upesi. Nafasi ni yako.

Maiti wako,
Rael Mirumbe


Kisegi
2 Februari 1997

Maiti wangu Rael,

Nimecheka barua yako hadi mama akauliza kutoka ndani nimepatwa na nini. Asante. Zilikuwa siku nyingi sijacheka.

Nilishikwa na malaria, hiyo ndiyo sababu. Sasa nina nafuu. Pia mama ana kikohozi ambacho hakitaki kuisha, na tangu baba alipotuacha unajua hakuna mwingine wa kumchemshia maji. Baba mdogo Elkanah anasema tungoje kidogo, kuna mambo ya nyumbani yamalizike. Nitakuja wiki ijayo, au ile inayofuata.

Mwambie Caren asianze na machozi. Aanze na mikono. Huyo mjane ameamka, ameona koti la mume kwenye msumari, na hajui alikunje au aliache. Akishughulika na koti, kilio kitamfuata chenyewe. Na asimtazame maiti usoni mpaka mwisho. Mimi nilikuwa ninakutazama mapema, ndiyo maana nilikuwa nakaribia kucheka.

Mwalimu Omwenga akiuliza, sema malaria. Na ukiandika, Mama Liz asije Ijumaa wala Jumamosi. Siku hizo siko nyumbani.

Nimewakumbuka sana. Nimekumbuka hata kelele ya kengele.

Wako,
Irine


Shuleni, Migori
16 Februari 1997

Irine,

Sikuiti mjane wangu leo, maana sijui sasa wewe ni mke wa nani.

Kwanza habari njema, kabla sijakasirika. Tumeshinda zoni! Caren alishika lile koti kama ulivyosema, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena, na wanawake waliokaa mbele wakaanza kutoa leso. Mbuzi ametoka kwenye mvua. Tunaenda wilaya.

Sasa nakasirika. Jumapili nilimuuliza Mama Liz, Irine amepona malaria? Akacheka mpaka akashika kiuno. "Malaria gani? Irine wa Teresa? Yawa, huyo siku hizi ni mtu mkubwa. Kila wiki anaitwa. Akifika mahali anapewa kiti, anachinjiwa kuku, hata wazee wanampisha apite." Nilipotaka kumuuliza zaidi, wateja wakamjia.

Haya, nieleze. Ni nani anayekuita kila Ijumaa na Jumamosi na kukuchinjia kuku? Umeolewa? Ni mwenye mashua? Ni mwalimu? Mimi ninamdanganya matron kuhusu kitanda chako, kumbe wewe unakula firigisi huko na kuniandikia habari za kengele! Kama umeolewa sema umeolewa, Irine. Nitalia siku moja halafu nitakuletea sufuria. Lakini usinifanye mjinga.

Rael


Kisegi
23 Februari 1997

Rael, dada yangu,

Sijaolewa. Ingekuwa rahisi zaidi kukueleza.

Ni hivi. Desemba nilipofika nyumbani, mzee Zablon jirani yetu alikuwa amekufa. Hakuwa na mke wala binti, wanawe wawili wako mbali. Siku ya kuzika watu walikuja, lakini kukawa kimya. Huku kwetu, mtu kuzikwa kimya ni aibu kwa boma zima. Baba mdogo Elkanah ndiye alikuwa msimamizi. Akaja jikoni akaniambia, "Irine, si mlikuwa mnafanya ule mchezo wa kulia? Hebu tusaidie mzee wa watu." Nilidhani nitamsaidia mzee mmoja tu. Nikachukua koti lake la zamani, nikasimama karibu na jeneza, nikafanya yote ya mjane kutoka mwanzo hadi mwisho. Kiswahili nilikigeuza Kijaluo. Nilipofika pale pa kukohoa, Rael, boma zima lililia. Wanaume walilia. Watu walisema Zablon amezikwa kama mtu mwenye binti kumi.

Wiki iliyofuata wakaja watu wengine. Halafu wengine. Unajua jinsi watu wanavyokufa siku hizi huku ziwani, vijana kabisa, ugonjwa wenyewe hautajwi jina. Kila Ijumaa kuna jeneza linatoka mochari, kila Jumamosi kaburi. Na kila mahali baba mdogo ananitangulia, anapewa kiti chini ya turubai karibu na mchungaji, anaitwa "mwenye yule msichana". Zamani hakuna aliyekuwa akimjua hata akipiga chafya.

Nilimwambia ninarudi shule. Akanijibu kwa upole, na upole huo ndio umenifunga. Akasema, "Baba yako alipokufa, nani walikuja? Si ni hawa? Hakuna boma hapa Kisegi ambalo halikuja kumlilia baba yako. Waliokuja kwetu lazima twende kwao. Maliza kwanza, halafu nenda." Nitamaliza lini? Nilijaribu kuondoka tu. Sanduku langu la shule amelifungia nyumbani kwake, sare iko ndani, vitabu viko ndani.

Hata ningekuwa na sanduku, mama siwezi kumwacha. Ile habari ya kikohozi nilikuambia nusu. Hatoki kitandani.

Kuku ni kweli ninapewa. Siwezi kumla. Baba mdogo anamla.

Nilikudanganya kwa sababu nilitaka uendelee kuniandikia kama mtu wa kawaida.

Irine


Shuleni, Migori
2 Machi 1997

Mjane wangu,

Nimerudia jina lako, unisamehe. Nilisoma barua yako chooni, mahali pekee penye mlango hapa, nikaona haya mwenyewe peke yangu. Ala! Kumbe kuku mwenyewe ni huyo.

Na mimi nikwambie la kwangu. Caren hashikilii nafasi yako. Alipewa kabisa tangu Januari, na kwenye programu ya wilaya ni jina lake lililoandikwa. Nilikuficha kwa sababu nilijua ukisikia nafasi imekwenda, hutakuwa na haraka ya kuja. Tumepita wilaya. Mkoa ni karibu na Pasaka. Nilikuwa ninakungoja uingie ukumbini siku moja umnyang'anye lile koti, na mimi nifufuke nipige makofi.

Sasa sikiliza, nimefikiri sana nikiwa nimelala pale mezani, maana maiti ana nafasi ya kufikiri. Wanakuita kwa sababu unalia vizuri. Basi lia vibaya! Lia kama Caren wa Januari. Angalia juu utafute popo. Chelewesha maneno, sahau jina la marehemu, ukishindwa kabisa nikumbuke mimi nikikohoa chini ya shuka, cheka mbele yao. Msichana akicheka mazishini mara moja, ni nani atamwita tena? Baba mdogo atakurudishia sanduku mwenyewe, tena atakusindikiza.

Ninajua ni aibu. Lakini aibu ya siku moja, halafu uko hapa kitandani karibu nami. Fanya hivyo, Irine. Nakuomba.

Mwambie mama yako pole kutoka kwangu. Mwambie mimi ndiye yule mrefu aliyekula ugali wake wote siku ya wazazi.

Maiti wako,
Rael


Kisegi
16 Machi 1997

Maiti wangu,

Nilijaribu.

Ilikuwa Jumamosi iliyopita, mazishi ya kijana fundi wa baiskeli. Nilisimama nikaangalia juu kama ulivyosema. Nikaanza kilio kibaya, kikavu, nikasikia watu wakitulia, na moyo wangu ukaanza kufurahi. Halafu mama ya yule kijana akaja akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nisaidie, mimi yangu yamekauka." Ningefanyaje, Rael? Ningemchekea? Nililia vizuri kuliko siku zote. Alilala mabegani mwangu akalia naye. Jioni walikuja watu wa maboma mawili mengine kuongea na baba mdogo.

Kwa hivyo nimenaswa, na anayeninasa si baba mdogo peke yake. Nikilia vibaya ninamwumiza mtu ambaye hajanikosea. Nikilia vizuri sitoki.

Tena kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku hizi ninapolia sisikii kitu. Zamani nilikuwa ninamfikiria baba. Sasa machozi yanakuja yenyewe, kama bomba mtu amefungua, nami ndani ninafikiria kama kuni zitatosha jioni. Ninaogopa sana.

Jana mama aliniita. Aliniambia nimnyanyulie mto. Akakohoa, akangoja, akakohoa. Akasema, "Nilikusikia siku ile ya Zablon. Nilikuwa nimekaa nyuma. Ilikuwa vizuri sana." Nikasema asante. Kisha akasema, "Mimi usinililie na yale ya shule." Nikamwambia, mama, wacha maneno hayo, utapona. Akasema, "Nimekuambia nini?" Nikamwambia, hapana, sitakulilia na yale ya shule. Akalala.

Nimetoka nje nikakuandikia. Natamani ungekuwa hapa. Nasema hivyo tu, najua huwezi.

Irine


Shuleni, Migori
30 Machi 1997, Pasaka

Irine, dada yangu,

Sijui nianzie wapi. Kule kwenu sikupata hata nafasi ya kukushika mkono vizuri. Mwalimu mkuu alitupa lori la shule kwa kuwa aliyezikwa ni mzazi, lakini akasema turudi kabla ya jua kushuka, na wewe ulikuwa umezungukwa. Pole. Pole sana. Nimeandika neno hilo na kulifuta mara nyingi, ni dogo lakini sina lingine.

Nitakuambia nilichoona, kwa sababu wewe hukuwa unatuona. Sijawahi kuona watu wengi vile. Walijaa bomani, wakajaa njiani, wengine walikuwa juu ya ukuta wa shule ya msingi. Mama mmoja kando ya lori letu alisema, "Hawa wote ni watu wake, amewalilia wote." Nilifurahi kwa ajili yako. Halafu nikaona hawakuja na vilio vyao. Walikuwa wamekaa wakingoja chako.

Nilimwona baba yako mdogo amevaa tai akikupangia mahali pa kusimama. Nilimwona akileta kile kipaza sauti na kukishusha kifike mdomoni mwako. Hapo nilitaka kuteremka kwenye lori nimpige.

Wewe ukasimama. Tukangoja. Koti la mama yako, lile la kijani la kanisani, ulikuwa umepewa mkononi, na hukulikunja wala kulikunjua. Mdomo wako ulikuwa umefungwa, macho makavu. Tulisikia kile kipaza sauti kikivuma tu, vuuu. Mchungaji akaanza wimbo kukuokoa.

Wanawake walianza kunong'ona. Sitakuficha waliyosema, umeshayasikia: amewalilia wa watu wote, wake mwenyewe ameshindwa. Wengine walisema mabaya zaidi. Na mimi, Irine, kwa muda mfupi nilikuwa upande wao. Nilijiuliza, huyu amekuwa jiwe? Nilikuwa nimesahau barua yako mpaka tulipofika karibu na Ndhiwa, ndipo nikakumbuka maneno ya mama yako, nikalia ndani ya lori mpaka wenzangu wakaniogopa.

Kuna jingine. Ulipokuwa umesimama vile, Mwalimu Omwenga alimwinamia Caren akamwambia, "Mwangalie uso. Mwangalie vizuri. Hivyo ndivyo mjane anavyosimama." Na huko Kisumu juzi Caren alisimama hivyo hivyo, bila chozi, koti mkononi. Watu hawakupumua. Tumekuwa wa pili, hatuendi taifa, na mimi nimefurahi. Nililala chini ya shuka nikisikia ule ukimya, na ulikuwa wako, na hawakukuomba.

Mwalimu Omwenga anasema ukirudi, mwaka ujao anakuandikia mchezo wako mwenyewe. Nimekuambia ili ujue, si kwa sababu ninataka.

Tunafunga shule wiki hii. Niandikie nyumbani kwa posta, baba hafungui barua za watu. Sanduku la posta nimeandika nyuma ya bahasha.

Rael


Kisegi
20 Aprili 1997

Rael,

Asante kwa kuja. Niliwaona. Niliona lori, nikaona kichwa chako kimezidi vichwa vyote.

Unauliza kwa adabu, bila kuuliza. Nitakujibu. Sijui kama nilikataa au nilishindwa. Nilikuwa nimeahidi nisimlilie na yale ya shule, basi nikatafuta mengine. Kila neno nililolishika lilikuwa na mtu ndani yake. Hili nililisema kwa Zablon, hili kwa fundi wa baiskeli, hili kwa mapacha fulani. Hata "mama" nilikuwa nimeshalitumia, nilimlilia mama ya mtu Februari. Sikupata hata moja ambalo halijavaliwa. Nikaona afadhali ninyamaze kuliko kumpa mama nguo ya mitumba.

Baba mdogo hakusema nami kwa wiki nzima. Ameaibika, tai yake yote ile. Halafu siku moja nilikuta sanduku langu limewekwa mlangoni. Akasema, "Nenda shule. Hapa huna kazi tena." Ni kweli, Rael. Watu wamekufa na kuzikwa tangu siku hiyo na hakuna aliyekuja kuniita. Wanasema machozi yangu yalikuwa ya uongo. Njiani wananipisha, lakini si kama zamani. Nitafungua nawe muhula wa pili. Plani yako ilifanya kazi, ila si vile tulivyotaka.

Sasa nikuambie la juzi, halafu nikuombe kitu.

Nilikuwa jikoni ninachochea moto. Nikasikia mtu anakohoa nyumba ya mama. Sikufikiri. Nikamimina maji ya moto kikombeni, nikatia chumvi kama anavyopenda, nikakimbia. Nimefika mlangoni nikakutana na baba mdogo anatoka, ameingia kuchukua jembe, vumbi limempalia. Nilisimama na kile kikombe. Basi, ikaja. Haikuwa kilio cha mjane wala cha mtu yeyote ninayemjua. Ilikuwa sauti mbaya, kama mtu anayekatwa, kamasi, mate, nikaanguka hapo chini, maji yakaniunguza mguu na sikuyasikia.

Unajua baba mdogo alifanya nini? Aliangusha jembe. Uso wake ukang'aa. Akasema, "Eee! Hivyo! Hivyo ndivyo! Kwa nini hukufanya hivyo Jumamosi ile?" Akaanza kuangalia nje ya lango kama kuna waliosikia. Akasema, "Irine, Ijumaa kuna watu kutoka Kosele wanaleta mwili wao hapa. Wakikusikia hivi, yote yatasahaulika."

Nilinyamaza hapo hapo. Sijui nilipata wapi nguvu. Nilipangusa uso nikamwambia ni mguu, baba, maji ya moto. Nikamwonyesha ulivyovimba. Alinitazama sana. Mpaka leo ananitazama, akipita jikoni anasimama kidogo kusikiliza. Sanduku liko mlangoni lakini najua linaweza kurudi ndani.

Kwa hivyo kilio kimenijaa, Rael. Kimefika hapa shingoni. Siwezi kukitoa nyumbani kwa sababu ya huyu, siwezi ziwani kwa sababu ya wanawake wanaofua, na huko shuleni Mwalimu Omwenga akinisikia ataandika. Nimechoka kulia na kuambiwa vizuri. Nataka kumlilia mama mara moja, na mtu yeyote asisikie, na mtu yeyote asiniambie vizuri.

Ile densi na wavulana wa Ndhiwa ni lini? Ukumbini huwa wanafungulia muziki mpaka mabati yanatetemeka, na walimu wote wanakuwa mlangoni kuwachunga wavulana. Kwenye kile chumba cha nyuma ya jukwaa, penye meza yako, hakutakuwa na mtu. Sitaki kucheza. Nataka unifungulie hicho chumba, nawe uje. Sitaki uniambie pole, sitaki unishike. Ulale tu pale kama zamani, ili niwe na mtu wa kumlilia.

Mpaka siku hiyo, mtu akikuuliza, sema Irine hajui kulia.

Irine


Kehancha
29 Aprili 1997

Irine,

Densi ni Jumamosi ya kwanza tukishafungua. Ufunguo wa chumba cha nyuma ninao mimi, mimi ndiye ninayetunza nguo za mchezo. Nimeshapanga na Bosibori, ndiye atakayeshika redio, na nimemwambia muziki uwe juu kabisa, asipunguze hata mwalimu mkuu akija mwenyewe. Sikumwambia kwa nini. Anadhani nina mvulana.

Ukifika langoni sitakukumbatia. Nitakuambia umenenepa, nitabeba sanduku, tutakwenda bwenini tukigombana juu ya kitanda, na hakuna atakayejua. Vumilia hadi Jumamosi.

Shuka nitaifua. Nitalala bila kusema lolote. Machozi yakiingia sikioni, wacha yaingie. Lia mpaka umalize, hata densi ikiisha wavulana wakarudi kwao.

Sitakohoa.

Rael